Wachezaji wa skwoshi Tanga, tupunguze nguvu tuongeze urefu wa mpira

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua nizungumze na wachezaji wa skwoshi wa ridhaa wa hapa Tanga: watumishi wa ofisini, watu wa bandari, walimu, wafanyabiashara wa Ngamiani, wote wanaoingia kiwanjani jioni baada ya kazi. Mchezo huu unaingia kwenye Olimpiki kwa mara ya kwanza mwaka 2028 kule Los Angeles, na vijana wameanza kuuulizia. Wakija kutazama wanakuta nini? Wanakuta watu wawili wanaupiga mpira kwa hasira, kila mmoja anataka kumaliza kwa pigo moja, na mpokezano unakatika kwenye pigo la tatu. Rudi mwakani, utawakuta watu hao hao pale pale walipokuwa. Wenyewe wanasingizia umri au pumzi. Kinachowakwamisha ni mpira mfupi.

Kiwanja cha skwoshi kina urefu wa mita 9.75 na upana wa mita 6.4. Ni chumba kidogo ambamo wawili hupokezana kuupiga mpira kwenye ukuta wa mbele, lakini anayekimbizwa kona hadi kona hukiona kikubwa. Mchezo wote ni kugombea mahali pamoja, pale mistari ya sakafuni inapokutana na kuchora herufi T. Mpira wako ukitua mbele ya kisanduku cha kuanzishia (kiko kimoja kila upande, nyuma tu ya mstari unaokata kiwanja), mpinzani anabaki hapo hapo kwenye T, ananyoosha mkono na kuchagua pa kukupeleka. Ukitua nyuma ya kisanduku huku umebana ukuta wa pembeni, unamng'oa pale, unampeleka kona ya nyuma, na anapiga akiwa amebanwa na kuta mbili. Wakati anahangaika huko nyuma, wewe unarudi katikati bila haraka. Jahangir Khan wa Pakistani, aliyekaa zaidi ya miaka 5 bila kufungwa na mtu kati ya 1981 na 1986, aliwachosha wapinzani wake kwa mpira huu huu mrefu wa ukutani, pigo baada ya pigo, mpaka miguu yao ikakataa.

Mpira mrefu mzuri unapimika. Kutoka mstari wa nyuma wa kisanduku hadi ukuta wa nyuma kuna kama mita 2.7. Mpira utue mara ya kwanza ndani ya eneo hilo, karibu na kisanduku kuliko ukuta, na mara ya pili uangukie pale ukuta wa nyuma unapokutana na sakafu. Ukipitiliza, utagonga ukuta wa nyuma na kumrudia mpinzani katikati, apige kwa raha zake.

Wengi hukosea urefu kwa sababu wanalenga chini. Bati la chini ya ukuta wa mbele, ambalo mpira lazima upite juu yake, lina urefu wa sentimita 48, na mchezaji wa ridhaa hupenda kupitisha mpira kiganja kimoja juu yake akiamini mpira wa chini ndio mkali. Mpira wa namna hiyo unawahi kugusa sakafu na kutua katikati ya kiwanja hata ukipigwa kwa nguvu zote. Lenga juu ya mstari wa kuanzishia wa ukuta wa mbele, ulio mita 1.78 kutoka sakafuni. Ukiwa nyuma kabisa na mpira umepoa, lenga hata mita nzima juu ya mstari huo. Mpira ukishapata moto, shusha shabaha kidogo kidogo mpaka uone unaacha kugonga ukuta wa nyuma. Marekebisho haya ya juu na chini ndiyo yanayoleta urefu, na hayahitaji misuli.

Hapo linakuja suala la mpira wenyewe, na katika hili tunajiumiza sana. Kila mtu ananunua ule wenye nukta mbili za njano kwa kuwa ndio wa mabingwa. Mpira huo, wa kipenyo cha milimita 40 na gramu 24 hivi, umetengenezwa uwe mvivu wa kudunda. Kwa kipimo chake rasmi unaachiwa kutoka sentimita 254. Ukiwa na joto la nyuzi 23, kima cha chini cha kudunda kwake ni asilimia 12 tu, yaani kama sentimita 30. Ukifika nyuzi 45 unadunda asilimia 26 hadi 33, ambazo ni sentimita 66 hadi 84. Tofauti hiyo yote inaletwa na joto, na joto linaletwa na kupigwa: raba ikibonyea na kurudi, sehemu ya nguvu ya pigo inageuka kuwa joto. Mabingwa wanaupiga kwa nguvu na mfululizo, kwa hiyo haupoi. Sisi tunapiga mara tatu, mtu anakwenda kuuokota, mwingine anapangusa jasho, kisha tunabishana hesabu. Mpira uliopoa haufiki nyuma. Unatua katikati, mpokezano unakatika upesi, na kwa kukatika huko unazidi kupoa. Hata joto letu la Januari peke yake haliufikishi kwenye nyuzi 45.

Anayeanza kabisa apewe mpira wa nukta ya buluu, kisha wa nyekundu. Katika mipira ya Dunlop, ule wa buluu ni mkubwa kwa asilimia 12 na wa nyekundu kwa asilimia 6 kuliko ule wa mabingwa, na yote miwili inakaa hewani muda mrefu zaidi, kwa hiyo mgeni anapata nafasi ya kufika, kujipanga na kupiga. Mwenye mwaka au miwili ya mchezo anatoshwa na wa nukta moja ya njano. Wa nukta mbili uwe wa wale wanaoweza kupokezana mapigo 10 na zaidi mara kwa mara. Kama hamna hakika, fanyeni jaribio hili: baada ya dakika 10 za mchezo, simameni, achieni mpira kutoka usawa wa bega. Usipodunda hata kufika nusu ya muundi, huo si mpira wenu kwa leo. Na kabla ya kuhesabu pointi ya kwanza, upasheni moto kwa dakika 4, 2 kila upande. Mpira ukishakuwa laini na unang'aa, hauumi tena ukutani bali unateleza, ubadilisheni. Ubonyezeni pia kwenye mshono, maana ufa huanzia hapo.

Kuhusu mkono, shika raketi kama unavyompa mtu mkono wa salamu: kingo za fremu moja juu moja chini, kidole gumba na cha shahada vikifanya V kwenye ukingo wa ndani wa mpini. Uso wa raketi uangalie juu kidogo. Anayekizungusha kiganja mpaka kikawa nyuma ya mpini atapiga fohendi (pigo la upande wa mkono ulioshika raketi) bila shida, lakini akigeukia bekihendi (pigo la upande wa pili) uso wa raketi unaangalia juu mno na mpira unapaa. Basi kama mpira unapaa kila unapopiga bekihendi, kagua mshiko kwanza kabla ya kuulaumu mkono.

Raketi iwe juu, usawa wa kichwa, mara tu unapojua mpira unakwenda upande gani, kabla hata ya hatua ya kwanza. Anayekimbia raketi ikining'inia magotini hufika kwenye mpira ndipo aanze kuinua, na kwa kuwa ameshachelewa anabaki kuusukuma kwa kiwiko. Umbali nao una kipimo chake: kiwiko kikigusa ubavu wakati wa kupiga, umeusogelea mpira mno. Simama mbali kiasi cha mkono karibu kunyooka pamoja na raketi, ukunje magoti badala ya kuinama kiuno, na upige mpira ukiwa sambamba na mguu wa mbele. Ukiuwahi mbele zaidi ya hapo, utakatiza kwenda upande wa pili. Ukiuchelewesha, utakwenda kwenye ukuta wa pembeni. Mtu anayelalamika kwamba mpira wake haunyooki aangalie jambo hilo moja kwanza.

Baada ya kupiga, ondoka. Wachezaji wengi hupiga kisha husimama kulitazama pigo lao, na hatua mbili walizozipoteza hapo hawazipati tena. Rudi katikati, ukae nusu hatua nyuma ya T, si juu yake, maana mipira mingi inakwenda nyuma. Ukiwa hapo geuza shingo umtazame mpinzani anavyopiga. Anayekodolea macho ukuta wa mbele hugundua mpira uko wapi wakati umeshampita.

Sasa mazoezi, na hapa naomba nieleweke vizuri: mechi peke yake haifundishi. Kwenye mechi mtu anatafuta pointi, kwa hiyo anarudia kile kile anachokijua, makosa yakiwemo. Katika kila saa mbili za mechi kwa wiki, tenga angalau dakika 20 za kuwa kiwanjani peke yako. Simama nyuma ya kisanduku upande wa fohendi, piga mpira wa kunyoosha ukurudie mwenyewe, uache udunde mara moja, upige tena. Sharti ni moja: mpira usitoke nje ya upana wa kisanduku, ambao ni mita 1.6. Ukiweza 10 mfululizo, chora mstari wa chaki katikati ya upana huo, sasa una sentimita 80 tu. Halafu hamia bekihendi, na huko ukae muda mara mbili, kwa kuwa mpinzani yeyote mwenye akili atakushambulia huko. Baada ya hapo simama mita 2 kutoka ukuta wa mbele, piga hewani bila mpira kugusa sakafu, na kila ukipata 10 rudi nyuma hatua moja mpaka ufike kwenye mstari unaokata kiwanja. Zoezi hili linafundisha kuweka raketi juu kuliko maneno ya mwalimu yeyote, maana ukiishusha tu, mpira unakupita.

Mkiwa wawili, mmoja akae nyuma na mwingine mbele. Wa nyuma anapiga bosti, yaani mpira unaogonga kwanza ukuta wa pembeni ndipo uende wa mbele. Wa mbele anaupokea na kuupiga mrefu wa kunyoosha. Dakika 5, badilishaneni. Zoezi lingine ninalolipenda kuliko yote ni mchezo wa nusu kiwanja: mnatumia upande mmoja tu, kila mpira lazima utue nyuma ya mstari unaokata kiwanja, mnahesabu mpaka 11. Hakuna dropu, yaani mpira mfupi wa kudondoka karibu na ukuta wa mbele, wala kukatiza. Michezo 2 ya namna hii kila upande, kwa miezi mitatu, itambadilisha mchezaji zaidi ya raketi mpya. Ubishi huwa kwamba inachosha na haina raha. Inachosha kweli, na raha yake inakuja siku utakapomwona aliyekuwa anakufunga kila wiki amebaki kona ya nyuma akikwangua ukuta kwa fremu.

Wasio na kiwanja kila siku wanaweza kufanya mazoezi ya miguu bila mpira kwenye sakafu yoyote tambarare isiyoteleza. Weka alama sita: kona mbili za mbele, pembeni kulia na kushoto, kona mbili za nyuma. Toka katikati, nenda kwenye alama, piga pigo la hewani, rudi katikati kila mara. Sekunde 30 za kazi, 30 za kupumzika, mara 8.

Kuanzisha mchezo ndilo pigo pekee ambalo hakuna anayekusumbua, lakini watu huurusha mpira tu ili mradi uende. Ukiwa kisanduku cha kulia, mguu mmoja angalau uwe ndani bila kugusa mstari. Piga mpira juu sana kwenye ukuta wa mbele, chini ya mstari wa nje ulio mita 4.57, polepole, ili ushuke na kuugusa ukuta wa kushoto juu ya kichwa cha mpinzani, karibu na nyuma ya kisanduku chake, kisha uangukie kona. Ukiugusa ukuta wa pembeni kabla hajaufikia, hawezi kuupiga hewani kwa urahisi. Anayepokea naye asitafute miujiza: apige mrefu wa kunyoosha ukutani, akimbilie katikati.

Mpira wa kukatiza una mahali pake, lakini unatumiwa kupita kiasi kwa kuwa ni rahisi kuupiga. Kama haukufika kwenye ukuta wa pembeni nyuma ya kisanduku au usawa wake, umeupitisha mbele ya raketi ya mtu aliyesimama kwenye T. Anza na kanuni ya kunyoosha mara tatu kwa kila kukatiza mara moja, baadaye utaona mwenyewe lini uivunje. Dropu nayo ipigwe ukiwa mbele ya mpinzani na umesimama imara, yeye akiwa nyuma yako. Ukiipiga kutoka kona ya nyuma, mpinzani anakuwa karibu nayo kuliko wewe. Ukibanwa huko nyuma, piga lobu ndefu ya juu upate muda wa kurudi.

Yapo pia mambo ya pwani yetu. Unyevu wa hapa unalifanya jasho lisikauke mwilini, kwa hiyo mwili haupoi upesi. Cheza asubuhi au baada ya saa kumi na moja jioni, na unywe maji kabla hujasikia kiu. Dafu ni zuri, lakini lina chumvi kidogo ukilinganisha na inayotoka kwa jasho, basi mlo wa baada ya mchezo usikose chumvi, isipokuwa kwa mwenye presha aliyekatazwa. Aliyevuka miaka 40 na hajafanya mazoezi siku nyingi apime presha na moyo kabla ya kuanza, kwa sababu mchezo huu unapandisha mapigo ya moyo ghafla. Mpini ukilowa jasho hugeuka mkononi na uso wa raketi unageuka nao. Funga kitambaa kipya cha mpini mapema, na uwe na taulo. Usiiache raketi kwenye gari lililoanikwa juani, maana joto linalegeza nyuzi. Ukienda kusukiwa nyuzi, pauni 24 au 25 zinamtosha mchezaji wa ridhaa. Zikikazwa zaidi utalazimika kutumia nguvu nyingi kufikisha mpira nyuma.

Wakati wa masika kuta na sakafu hutoka jasho. Mpira ukigonga ukuta uliolowa unaserereka, na mguu ukikanyaga sakafu iliyolowa unaweza kung'oka goti. Siku hiyo msicheze. Viatu viwe vya ndani, vyenye soli ya raba isiyoacha alama, na viwe bapa. Viatu vya kukimbilia barabarani vina soli ndefu na mtu akigeuka ghafla kifundo kinapinda. Visivaliwe kutoka nyumbani, maana mchanga wa njiani ndio unaoharibu sakafu na kuwatelezesha wengine.

La macho nalisema kwa uzito. Mpira wa milimita 40 ni mdogo kiasi cha kuingia kwenye tundu la jicho, mpira mkubwa hauingii. Vaeni miwani ya kinga ya polikaboneti, na miwani ya kusomea isihesabiwe kuwa kinga. Na kama mwenzako yuko kwenye njia ya pigo lako, zuia mkono uombe leti. Pointi itarudiwa, jicho halirudiwi.

Mwisho nawaomba wanaosimamia viwanja vya klabu na taasisi hapa mjini mambo machache yanayowezekana. Sakafu ifutwe kwa maji matupu, bila sabuni wala nta. Feni na madirisha ya juu yafanye kazi. Bati linaloliwa na kutu ya chumvi likwanguliwe na kupakwa rangi kabla halijaanza kuchana watu. Liwepo sanduku la mipira ya buluu na ya nukta moja ya njano, na miwani miwili mitatu ya kuazima. Zitengwe saa za asubuhi, ambazo kiwanja huwa kitupu, kwa mtu mmoja mmoja kufanya mazoezi yake, na Jumamosi moja wapewe wanafunzi wa shule. Mwezi wao wa kwanza wasihesabu pointi kabisa. Wahesabu ni mapigo mangapi wawili wanaweza kupokezana bila mpira kufa, na mwalimu aandike namba hiyo ukutani kila juma.

Mwalimu wa skwoshi,
Chumbageni, Tanga.